Mikate Myeusi ya Ottilia

Mkamwana wangu anaitwa Ottilia, na kabla hujamsifia mbele yangu naomba usikie kwanza jambo moja: mikate yake niliimwaga chooni mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Siku hizi watu wa Matiri wakimwona anapita na kapu lake wanasema, "Kunigunda, wewe umepata mkamwana." Najua nimepata. Lakini wao hawajui nilivyokaribia kumpoteza, yeye na mjukuu wangu, kwa sababu siku moja ulimi wangu ulitakiwa kusema ukakaa kimya. Ulimi wangu mimi, ambao haukai kimya hata kanisani.

Ottilia ni mtu wa ziwani. Amezaliwa Lundo. Baba yake, Meshack, ni mvuvi, Mwanglikana wa kuimba kwaya, na mama yake Emiliana analima mihogo na mpunga. Mwanangu Wendelin aliteremka kule na magunia ya mahindi, akapanda na uchumba. Sikufurahi, nisidanganye. Nilimuuliza Wendelin, huyo mtu wa joto ataiweza baridi ya huku? Na ngolo ataziweza?

Ngolo ndiyo kilimo chetu sisi Wamatengo. Unafyeka majani mlimani, unayapanga kwa miraba, unayafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Aliyekulia huku anajifunza akiwa bado na meno ya utoto. Ottilia alijifunza akiwa na miaka ishirini na mbili, mikono imejaa malengelenge, halafu jioni anakuja kuniuliza kama mistari imenyooka. Mwaka wa tatu ngolo zake zilinyooka kuliko zangu. Nilizikagua moja moja nikitafuta kasoro, nikakosa, nikasema bila shaka amesaidiwa.

Ndivyo alivyo. Ana kichwa kigumu, ila hana kelele. Mimi nagomba, yeye anaendelea na kazi. Ukimaliza kugomba unakuta kazi imekwisha na wewe umekauka koo.

Walburga, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa mwezi wa sita. Nilimpa jina la mama yangu mzazi, na kwa hiyo namwita "mama" na yeye anaitika kwa kucheka. Alinyonya vizuri, akanenepa vizuri, mpaka tulipoanza kumpa uji. Hapo akaacha kunenepa. Mwezi baada ya mwezi nguo zilimkaa zile zile. Alipofikisha mwaka na miezi mitatu alikuwa bado hajasimama dede, kicheko kimekwisha, anakaa pale unapomweka. Na nywele zake zikageuka rangi, zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi.

Nilizijua nywele zile. Nimezaa sita na nimezika wawili, Joakim na Agnesi, wote kabla ya kutimiza miaka miwili, na wote wawili niliwavika sanda wakiwa na nywele hizo. Wakati ule walituambia tumewabemenda watoto, kwamba mimi na mume wangu tumelala pamoja mtoto akiwa bado yuko kifuani, tukamharibu. Niliamini. Hakuna aliyeniambia vinginevyo. Nimeibeba aibu hiyo zaidi ya miaka thelathini, na nilipoziona nywele za Walburga roho yangu ilishuka miguuni. Basi nikafanya nililofanyiwa. Nilimkuta Ottilia anachambua maharage uani, nikamwambia, "Mmembemenda mtoto."

Aliniamkia shikamoo kwanza, maana nilikuwa nimeingia bila salamu. Halafu akasema, "Mama, mimi na Wendelin tunalala mbalimbali tangu mtoto azaliwe. Muulize mwanao anavyonung'unika."

Hata hivyo sikubadili mawazo. Nilitaka mtoto apelekwe kwa mganga mmoja wa ng'ambo ya bonde. Ottilia akasema sawa, mganga tutamwona, lakini kliniki ni kesho, tuanze na kliniki. Nikaenda naye, makusudi kabisa, nisikie huko wanasema nini ili nije nikatae.

Muuguzi wa zahanati anaitwa Jacqueline, msichana wa Mkumbi, umri wa kitinda mimba wangu. Alimtia Walburga kwenye mzani, ukasoma kilo saba na gramu mia mbili. Akamzungushia mkononi ule utepe wao wenye rangi. Ulisimama kwenye njano, kidogo tu uguse nyekundu. Akaandika kwenye kadi, akaacha kalamu, akatuangalia sote wawili.

"Anakula nini huyu?"

"Uji wa mahindi," Ottilia akasema. "Mchana ugali na mchuzi wa maharage."

"Mchuzi. Na maharage yenyewe?"

Nikajibu mimi, tena kwa kujiamini, "Maharage yanakwenda sengu."

Kwetu sengu ni kula pamoja. Kila jioni wanaume wa ukoo wanakaa kwa mzee, na mzee wetu ni mume wangu Ladislaus, na kila nyumba inaleta chakula chake. Wanakula, wanaongea mambo ya mashamba, kama kuna ugomvi unamalizwa pale. Ni kitu kizuri. Mimi nimekua nikiiona sengu na ningependa wajukuu wangu waione. Lakini huwezi kupeleka sengu bakuli la mchuzi mtupu ukabaki na jina. Unapeleka kilicho kizuri. Nilichokuwa nafanya mimi, na ndicho nilichomfundisha Ottilia siku ya kwanza alipowasha moto jikoni kwangu, ni kupakua nyama, samaki au maharage ya sengu kwanza, halafu sisi na watoto tunachovya kilichobaki.

"Mayai?" Jacqueline akauliza.

"Kuku wote walikufa na mdondo."

"Maziwa? Dagaa?"

"Ng'ombe hatuna. Dagaa wakipatikana wanakwenda—" Nikaishia hapo.

Yule msichana hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alisema taratibu, "Bibi, mtoto huyu anashiba, lakini anashiba wanga mtupu. Tumbo linajaa, mwili haupati cha kujengea. Anahitaji protini, anahitaji madini ya chuma, damu imepungua. Nampa dawa ya minyoo. Mwezi ujao akishuka hata kidogo namwandikia barua, akalazwe Mbinga."

Nilikasirika sana. Ghala letu lilikuwa na mahindi mpaka darini, kahawa imejaa vichanjani, na mtoto mdogo ananiambia mjukuu wangu hajalishwa. Njia nzima nilisema. Ottilia alimbeba Walburga mgongoni, hakutia neno. Tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani ndipo akaniuliza, "Mama, upepo wa mwera umeshatulia?"

Nikamwambia mimi sijui mambo ya upepo wa ziwani. Kesho yake asubuhi alikuwa ameondoka. Alimuaga Wendelin, hakuniaga mimi, akapanda gari la Mbamba Bay na mtoto mgongoni, akashika njia ya Lundo.

Siku ya sita akarudi. Kapu kichwani, limefunikwa kanga. Alipolifunua niliona kitu kama mikate, myeusi, mikubwa kama kiganja, na harufu yake ya samaki na ya matope kidogo. Nikauliza ni nini. Akasema nkungu.

Nilikuwa nimewahi kusikia nkungu wanatajwa na watu wa ziwani, sikuwahi kuwaona. Akanieleza. Upepo ukitulia, wingu linanyanyuka juu ya maji, jeusi, unaweza kudhani shamba linaungua. Ni wadudu, wadogo wadogo, mamilioni. Wingu likisogea ufukweni, wanawake na watoto wanakimbia na nyungo na vyungu vilivyolowanishwa, wanavizungusha hewani, wadudu wananasa. Wanakwanguliwa, wanafinyangwa mikate, wanaanikwa juani.

"Mbu," nikasema. "Umemletea mjukuu wangu mbu."

"Si mbu, mama. Hawaumi. Bibi yangu alitulea kwa hawa."

"Sisi Wamatengo hatuli wadudu."

"Na kumbikumbi?"

"Kumbikumbi ni kumbikumbi."

Aliniangalia tu, akainama, akaendelea kupanga mikate yake. Mimi nikajua nimeshindwa na nikazidi kukasirika.

Tangu siku ile kila asubuhi alikaanga kipande kwenye kikaango kikavu, akakitwanga, akakichekecha, akatia vijiko viwili kwenye uji wa Walburga. Siku ya kwanza mtoto alitema. Ya pili alitema. Ya tatu Ottilia alionja mbele yake, akalamba kijiko, akajifanya kumnyima. Mtoto akadai. Nilikuwa mlangoni naona yote, nikajifanya naokota kuni.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Huku kwetu mwezi wa tisa mwishoni ukungu unateremka bila kubisha hodi. Jua lipo, ghafla halipo. Ile mikate ilianza kupata unyevu, na Ottilia aliogopa itaota ukungu kabla ya kliniki. Akaivunja vunja, akaianika kwenye nyungo mbili, akaziweka kwenye kichanja cha kahawa, upande ule wa mwisho uliokuwa mtupu. Upande mwingine ilikuwa kahawa yetu ya maganda, ya mwisho ya msimu, inakaribia kukauka. Aliniambia, "Mama, nakwenda shambani. Ukungu ukishuka naomba nyungo zangu uziingize ndani, zisikae na kahawa. Harufu yake inahama." Nikamwambia nimesikia.

Ukungu ukashuka. Kila mtu wa Matiri anajua mbio hizo, maana kahawa ikilowa imeharibika. Nilikimbia uani, nikavuta nailoni. Nyungo zilikuwa njiani. Kuziingiza ndani ilikuwa hatua kumi tu. Lakini nilikuwa na hasira nazo, na nilisema moyoni, mimi sibebi mbu. Nikazisukuma katikati ya kahawa, nikafunika vyote kwa nailoni moja, nikabana kwa mawe. Manyunyu yale yalikaa siku mbili. Ottilia alirudi jioni, akakuta kumefunikwa, mvua inanyunya, akadhani nyungo ziko ndani kwangu. Sikumwambia ziko wapi.

Tulipofunua, kichanja kizima kilinuka kama ngalawa ya baba yake. Ottilia alitoa nyungo zake, akanusa kahawa, akaniangalia. Nikatazama mlimani. Tuliianika tena juani siku tatu tukidhani itatoka. Wendelin na baba yake walipoipeleka ghalani kwenye chama cha msingi, Placidi, yule mpokeaji, alitia mkono kwenye gunia, akanusa, akanusa tena, akafunga gunia. Aliwaambia, watu wote wa kwenye foleni wakisikia, "Mzee Ladislaus, hii kahawa ina samaki. Irudishe nyumbani."

Mume wangu ni mtu ambaye kahawa yake haijawahi kurudishwa. Jioni hiyo tukaitwa sengu, mimi na Ottilia. Wanawake tunapeleka chakula pale na kuondoka. Kuitwa na kukalishwa mkekani ni jambo lingine. Ndugu wote wa Ladislaus walikuwepo, na Wendelin amekaa ameinamisha kichwa.

Ladislaus akauliza, "Nani aliweka wadudu na kahawa yangu?"

Ottilia alinigeukia. Aligeuka polepole, akanipa nafasi. Haki ya Mungu alinipa nafasi. Nilijiambia nikisema, nitaonekana mimi mtu mzima nimeharibu kahawa ya mume wangu kwa ukaidi, na nikinyamaza wadudu wale watatoka nyumbani kwangu, na hilo ndilo nililotaka. Nikanyamaza.

"Wadudu ni wangu, baba," Ottilia akasema.

Basi hukumu ikatoka. Uchafu ule utupwe leo leo. Ottilia aende kwa baba yake, akae huko mpaka aitwe. Mtoto abaki, ni wa ukoo.

Wengine wangelia. Yeye aliweka mikono magotini. "Baba, nimesikia. Lakini Alhamisi ni kliniki. Naomba nimpeleke mwanangu Alhamisi. Muuguzi alisema akishuka atalazwa. Mzani usipopanda, nitakwenda Lundo mwenyewe bila kusindikizwa, na sitauliza nitaitwa lini. Ukipanda, mnisikilize tena hapa hapa."

Mzee akasema Alhamisi ni keshokutwa, sawa. Akaniagiza nikatupe mikate. Nilikwenda jikoni, nikachukua kapu, nikalimimina chooni. Nilisikia vipande vinagonga chini. Sikujisikia vizuri kama nilivyotegemea.

Siku mbili zile Ottilia alibaki na unga kidogo kwenye kopo, hata kiganja haujai. Aliupima kwa ncha ya kijiko. Hakunilaumu, hakunitaja kwa Wendelin, alinisalimia shikamoo asubuhi na jioni, akanitekea maji. Mtu akikugombeza unajua pa kushika. Huyu aliniacha na mimi mwenyewe, na mimi si mtu mwepesi kukaa naye.

Alhamisi nilikwenda nao. Hakuna aliyeniomba. Njiani nilimbeba Walburga kipande cha mlima, na nilipompandisha mgongoni nilihisi uzito, nikajiambia ni uzee, mgongo umechoka. Nilikuwa nasali pia, na sala yangu ilikuwa imevurugika. Nilitaka mzani upande maana ni mjukuu wangu, jina la mama yangu. Tena nilijua ukipanda, mimi ndiye nimetupa kilichoupandisha.

Jacqueline akamtia kwenye mzani. Akauangalia, akamtoa, akausawazisha, akamtia tena.

"Kilo saba na gramu mia saba."

Akamzungushia utepe. Ulikuwa bado kwenye njano, lakini sasa ulitazamana na kijani. Walburga aliushika ule utepe, akauvuta, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu mwezi wa sita.

"Nusu kilo kwa mwezi," Jacqueline akasema. "Mmempa nini?"

Ottilia aliniangalia, kama alivyoniangalia sengu, akanipa nafasi ya pili. Si wengi wanaopewa ya pili.

"Nkungu," nikasema. "Wadudu wa ziwani. Anawatwanga anamtilia kwenye uji."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliomba aone, Ottilia akafungua kopo, mlikuwa na unga wa kupaka kidole tu. Jacqueline akanusa, akaonja. "Chuoni tulifundishwa habari zao. Protini yao ni kama ya samaki, na chuma wanacho kingi, ndicho kinachorudisha damu. Na nyinyi huku mnakula kumbikumbi, siyo? Nao ni hivyo hivyo, tena na mafuta juu yake. Ila watu wazima mnawamaliza kwa kutafuna barazani, watoto wanapewa uji." Akamgeukia Ottilia. "Usiache. Mchanganyie na maharage, mnyonyeshe bado, na mwezi ujao nataka kijani. Mmebakiwa na wengi?"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye benchi na watoto wao. Ottilia alinishika mkono, akamwambia muuguzi, "Watapatikana."

Nje, kwenye kivuli cha jengo, nilimuuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, mama, tungegombana, na mimi nilikuwa na siku mbili tu za kumlisha."

Hivyo tu. Hakuwa anataka kuwa mwema. Alikuwa na hesabu ya siku zake na mimi sikuwemo.

Jioni ile nilipeleka chakula sengu, na nilipoweka bakuli chini sikuondoka. Wanaume wakanitazama. Nikamwambia mume wangu, "Mzani umepanda nusu kilo. Na nailoni niliifunika mimi. Aliniambia nyungo zisikae na kahawa, nikazisukuma ndani makusudi kwa hasira. Kahawa nimeiharibu mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Wewe?" Ladislaus akasema, na mdogo wake mmoja akacheka. Si kosa lake, hajawahi kuniona nimeogopa.

"Mimi. Na kuna lingine. Joakim na Agnesi hatukuwabemenda."

Hakuna aliyecheka tena. Majina yale hayakuwa yametajwa pale kwa miaka mingi. Nikaendelea maana ningeacha nisingeweza kurudia. "Walikuwa na nywele za Walburga, na tumbo la uji mtupu kama yeye. Mwaka aliokufa Joakim tulivuna mpaka tukajenga ghala la pili. Maharage yalikuwepo. Kumbikumbi walikuwepo debe zima, wamekaangwa. Nilipita nao mbele yake kila jioni nikawaleta hapa. Nilibeba mimi, kwa mikono yangu, na wewe ulikula, na hakuna kati yetu aliyejua. Sasa tunajua."

Mume wangu hajui kuomba msamaha. Katika miaka arobaini na tatu sijamsikia. Alinyanyua bakuli la maharage kutoka katikati, akainuka kwa shida ya magoti yake, akatembea nalo mpaka mlangoni kwa Ottilia, akamwambia, "Mlishe kwanza. Sisi tutakula kitakachobaki."

Habari ya Ottilia kwenda kwa baba yake haikutajwa tena. Kwenda alikwenda, lakini na mimi nikiwa nyuma yake na kapu tupu, wiki iliyofuata, baada ya Placidi kuipokea ile kahawa kwa daraja la chini na kunionya mimi, si Ottilia. Nilimwambia Ottilia nilichotupa nitakirudisha. Akasema yeye anajua njia, nibaki na mtoto. Nikasema mtoto tunakwenda naye.

Lundo tulikaa siku nne tukisubiri wingu. Siku ya tano asubuhi Emiliana akapiga kelele kutoka ufukweni, watu wakatoka mbio, na mimi na miaka yangu sitini na moja nikatoka mbio nao, ungo umelowa mkononi. Lilitufunika. Walikuwa machoni, puani, kwenye kilemba. Niliuliza jambo wakanijaa mdomoni. Emiliana alikuwa anacheka huku anazungusha chungu chake. "Mama Wendelin, funga mdomo, zungusha." Ni mara ya kwanza mtu ameniambia hivyo nikatii. Nilizungusha mpaka bega likawaka moto. Ottilia alikuwa mbele yangu, magoti majini, hapumziki, anazungusha kama mtu anayedai haki yake, na mimi nikaazimia sitapumzika kabla yake. Nilipumzika kabla yake, lakini si sana.

Tulifinyanga mikate thelathini na minane. Safari hii niliianika juu ya paa la jiko langu mwenyewe, na ukungu ukishuka naiwahi kabla ya kahawa. Mvua za kwanza zilipokuja na kumbikumbi wakatoka, nusu yao niliwakausha nikawaweka kwenye chungu cha Walburga, na anayetaka kutafuna barazani akatafute wa kwake. Akina mama wawili wa hapa Matiri wamekuja kuuliza tunafanyaje. Nimewaonyesha. Wa tatu alikuja kucheka, nikamwambia akalete mtoto wake tumlinganishe na wangu. Hajarudi.

Utepe ulifika kijani mwezi wa kumi na mbili. Sasa Walburga anatembea, na nywele zake nyeusi tii. Bakuli la sengu bado tunalipeleka kila jioni, ila kabla halijavuka mlango nachota vijiko vitatu. Ottilia aliniuliza mara moja kwa nini vitatu, mtoto ni mmoja. Nikamwambia kimoja ni cha Walburga, cha pili ni cha Joakim, cha tatu ni cha Agnesi. Alisogeza sahani karibu. Walburga anavila vyote vitatu, halafu anaunyosha mkono anataka kingine.